Mchumi aliyewauliza Wamarekani: mtoto wa nani atibiwe?

Julai Mosi, 1962, wakazi wa jimbo la Saskatchewan, kule Kanada kwenye mashamba ya ngano, waliamka wakakuta madaktari wao wengi wamefunga milango. Siku hiyo sheria mpya ya jimbo ilikuwa inaanza kazi: kila mkazi atatibiwa, na bili ya daktari italipwa na mfuko mmoja wa umma. Madaktari waliona wanageuzwa makarani wa serikali, wakagoma. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza kuziba pengo. Wananchi nao wakagawanyika, wengine wakaunda kamati za kuwatetea waliogoma. Mgomo ulidumu siku 23, mpaka mapatano yalipotiwa saini mjini Saskatoon. Madaktari walibaki watu huru wenye vyumba vyao vya kutibia, lakini mfuko ulibaki mmoja. Miaka kumi baadaye majimbo yote ya Kanada yalikuwa na utaratibu wa aina hiyo.

Chuo Kikuu cha Saskatchewan kiko Saskatoon, na miaka hiyo alikuwapo pale mwanafunzi wa shahada ya biashara, Mjerumani aliyehamia Kanada akiwa kijana na kufanya kazi kwanza ili apate ada. Jina lake Uwe Reinhardt. Alihitimu mwaka 1964, akaenda Yale, Marekani, kusomea uchumi, na mwaka 1968 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Princeton. Hakuhama tena. Alipofariki Novemba 2017, akiwa na miaka 80, alikuwa bado kwenye orodha ya walimu, na hakuna aliyekuwa anaandika kuhusu bima ya afya Marekani bila kwanza kutafuta Reinhardt alishasema nini.

Ukitaka kumwelewa, anza na nchi mbili alizopitia kabla ya kufika Marekani. Alizaliwa Osnabrück, Ujerumani, mwaka 1937, utoto wake ukaangukia vitani na katika ufukara uliofuata vita. Ila Ujerumani ilikuwa na bima ya afya ya wafanyakazi tangu mwaka 1883, enzi za Bismarck, nayo haikufa na vita. Anayepata mshahara mkubwa anakatwa zaidi, mwenye mshahara mdogo anakatwa kidogo, wote wanaingia mlango mmoja kwa daktari. Reinhardt alipenda kuwakumbusha Wamarekani kwamba familia yake ilikuwa maskini wa kutupwa, na bado ilitibiwa kama watu. Kutoka hapo akaenda kuangukia Saskatchewan, katikati ya ugomvi uleule. Kwa hiyo alipofika Marekani na kuambiwa kwamba matibabu ni bidhaa kama viatu, mwenye fedha anunue na asiye nazo aombe msaada, yeye alikuwa ameshaishi chini ya taratibu mbili zilizokataa hivyo.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kupigania haki ya mtu yeyote. Ilikuwa ya hesabu tupu. Katika tasnifu yake ya uzamivu, aliyoimaliza mwaka 1970, alimchukua daktari wa Marekani akamkagua kama unavyokagua karakana: anaingiza saa ngapi, wasaidizi wangapi, vifaa gani, na anatoa wagonjwa wangapi waliotibiwa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972. Aligundua kwamba daktari wa kawaida angeweza kuajiri wasaidizi karibu mara mbili ya aliokuwa nao, akahudumia wagonjwa wengi zaidi kwa kiasi cha asilimia 25 kila saa, na bado akapata faida. Wakati huo Marekani ilikuwa inalia kwamba ina upungufu wa madaktari na inataka kujenga vyuo vipya vya udaktari. Reinhardt akasema, tazameni kwanza jinsi mnavyowatumia mlio nao. Kwa msomaji wa huku, ambaye zahanati ya kijijini kwao inaendeshwa na tabibu na muuguzi na mambo yanakwenda, hilo halina ugeni. Kwa vyama vya madaktari wa Marekani lilikuwa tusi.

Hapa niseme jambo moja kuhusu tabia yake, maana bila hilo maisha yake yanageuka orodha ya vyeo. Reinhardt alikuwa mtu wa mzaha. Somo alilolifundisha Princeton kwa miaka mingi lilikuwa uhasibu, somo ambalo kwingine wanafunzi husinzia, na kwake walijaza ukumbi. Baada ya mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 aliandika mtaala wa kejeli wa kozi ya tamthilia za Kikorea. Alieleza kwamba kwa kuwa wachumi wamedhihirisha hawajui dunia inavyokwenda, anaona aibu kuendelea kufundisha uchumi, na afadhali afundishe anachokitazama jioni na mkewe. Watu waliusambaza mtaala ule kote chuoni na nje yake. Mzaha wake ulikuwa na meno, kwa sababu hakuwahi kuwaheshimu wachumi waliojifanya kwamba taaluma yao haina upande. Akisikia mchumi anasema sera fulani ina “ufanisi,” aliuliza: ufanisi wa kufikia nini, na kwa faida ya nani? Mwaka 1992 aliandika makala ndefu juu ya swali hilo moja, akionyesha kwamba huwezi kusema njia ni fupi kabla hujasema unakwenda wapi.

Katika miaka ya themanini aliingia kwenye jikoni lenyewe la sera. Bunge la Marekani liliunda mwaka 1986 tume ya kupitia malipo ya madaktari wanaotibu wazee chini ya bima ya serikali inayoitwa Medicare, na Reinhardt akawa kamishna wake hadi mwaka 1995. Tatizo lilikuwa hivi: Medicare ilikuwa inamlipa daktari kwa kutazama alichozoea kutoza. Aliyezoea kutoza kingi alilipwa kingi. Daktari wa upasuaji aliondoka na donge, na yule aliyekaa nusu saa akimsikiliza bibi mwenye kisukari na presha akaambulia kidogo. Jawabu lilitoka kwa mchumi mwingine, William Hsiao wa Harvard, mzaliwa wa China aliyewahi kuwa mkokotozi mwandamizi wa mifuko ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Hsiao na wenzake waliwauliza madaktari wenyewe, kazi kwa kazi: inachukua muda gani, inahitaji ustadi kiasi gani, inachosha akili kiasi gani, ina hatari gani ya kumpoteza mgonjwa mkononi? Majibu yakageuzwa pointi, pointi zikazidishwa kwa dola. Jedwali la malipo lililotokana na kazi ile lilianza kutumika Januari 1992, na mpaka leo bima nyingi za binafsi za Marekani hupanga bei zao kwa kulitazama.

Mwaka huohuo wa 1986 Reinhardt aliandikiana barua na Arnold Relman, daktari aliyekuwa mhariri wa jarida kubwa la tiba la New England. Relman alikuwa ameonya tangu mwaka 1980 kwamba kampuni zenye kutafuta faida zinaivamia tiba na kwamba madaktari wanapaswa kukaa mbali nazo. Ungetarajia Reinhardt amuunge mkono. Hakufanya hivyo, au alifanya kwa namna ya kumkera. Alimuuliza Relman: kwani daktari wa kawaida, yule asiye na hisa popote, hatafuti faida? Anaishi katika mtaa gani? Nani alipinga bima ya umma kwa miaka yote hii? Barua zile zilichapishwa, na hadi leo ni usomaji wa raha kwa anayependa kuona watu wawili wenye akili wakikatana bila kutukanana. Mimi naona Relman alikuwa na haki zaidi kuliko Reinhardt alivyokubali, kwa sababu kuna tofauti kati ya mganga anayetaka kula vizuri na kampuni ambayo sheria yenyewe inaisukuma imjali mwenye hisa kwanza. Tena Reinhardt mwenyewe alikaa kwenye bodi za kampuni za afya, zikiwamo Boston Scientific inayotengeneza vifaa vya tiba na Amerigroup ya bima. Mtu anaweza kusema ndiyo maana alizijua njia zao. Mwingine anaweza kusema mengine.

Halafu ikaja Taiwan.

Mke wa Reinhardt, Tsung-mei Cheng, rafiki zake humwita May, ana asili ya Taiwan na ni mtafiti wa sera za afya kwa haki yake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya themanini kisiwa kile kilikuwa kimetajirika haraka, lakini sehemu kubwa ya watu wake hawakuwa na bima yoyote. Waliokuwa nayo walikuwa wametengana: wafanyakazi wa viwandani na mfuko wao, watumishi wa serikali na wao, wakulima na wao. Mama wa nyumbani, mtoto na mzee walikuwa nje. Mwaka 1989 Reinhardt alialikwa kutoa ushauri, na ushauri wake ulikuwa mfupi: unganisheni mifuko yote iwe mmoja, kila mtu aingie kwa lazima, mfuko huo ndio ulipe hospitali zote, za umma na za binafsi. Sababu alizotoa zilikuwa mbili. Ni rahisi kuuendesha, na ni wa haki. Hsiao naye aliongoza kundi la washauri waliochora ramani kwa kina. Machi Mosi, 1995, bima hiyo ilianza. Ndani ya miaka michache zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa ndani. Kila mwananchi akaja kupewa kadi yenye chipu inayosomwa na kompyuta ya hospitali yoyote, na gharama za kuuendesha mfuko zikabaki sehemu ndogo mno ya michango.

Sasa, mtu aliyewashauri hivyo Wataiwan, aliwashauri nini Wamarekani? Wengi hudhani alipigania mfuko mmoja na huko pia. La. Alikataa, na alieleza kwa nini: serikali ya Marekani imeshikwa mno na wenye fedha. Kampuni za dawa, hospitali na bima huchangia kampeni za wabunge wanaopaswa kuzidhibiti. Ukikabidhi mfuko mmoja mkubwa kwa Bunge la namna hiyo, alisema, waliotaka kubanwa ndio watakaouongoza. Kwa Marekani alipendelea njia ya kwao Ujerumani, ambako mifuko ni mingi lakini bei ni moja: mifuko yote ya eneo moja hukaa upande mmoja wa meza, watoa huduma upande wa pili, wakapatana, na bei iliyopatikana inamhusu kila mtu. Mfano hakuhitaji kuuvusha bahari. Jimbo la Maryland, mwendo wa saa chache kutoka Princeton, lina tume yake iliyoundwa mwaka 1971 ambayo hupanga bei za hospitali, na kila mlipaji, awe serikali, kampuni ya bima au mgonjwa mwenye fedha taslimu, hulipa karibu kiwango kilekile kwenye hospitali ileile.

Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Wataalamu wengi wa sera hubeba mfumo mmoja begani kama mganga mwenye dawa moja ya magonjwa yote, wakishuka uwanja wa ndege wowote wanaufungua ni uleule. Reinhardt alianza kwa kumkagua atakayeuendesha. Taiwan ilikuwa na urasimu wenye nidhamu na uwezo wa kukusanya, basi mfuko mmoja. Marekani ilikuwa na Bunge linaloweza kununulika, basi njia nyingine.

Makala iliyompa jina nje ya vyumba vya wataalamu ilitoka mwaka 2003, katika jarida la Health Affairs, akishirikiana na Gerard Anderson, Peter Hussey na Varduhi Petrosyan. Kichwa chake kilicheza na msemo wa kampeni ya Bill Clinton ya mwaka 1992. Msemo ule ulimwambia mjinga kwamba jambo ni uchumi. Wao wakamwambia kwamba jambo ni bei. Wakati huo kila mwanasiasa alikuwa na maelezo yake kwa nini Marekani inatumia fedha nyingi mno kwenye afya. Wamarekani wanakwenda hospitali ovyo. Ni wazee. Ni wanene. Wanawashtaki madaktari mahakamani kila kukicha. Kina Anderson wakachukua takwimu za mataifa tajiri na kuziweka meza moja. Mwaka 2000 Marekani ilitumia dola 4,631 kwa kila mtu, zaidi ya mara mbili ya taifa la katikati kwenye orodha, ambalo lilikuwa na dola 1,983. Lakini walipohesabu mara ngapi Mmarekani anamwona daktari, na siku ngapi analala wodini, wakakuta ni pungufu ya wastani wa wenzake. Anapata huduma kidogo na kulipa zaidi. Kwa hiyo kilichopanda si wingi wa huduma. Kilichopanda ni bei ya kila kipimo, kila kidonge, kila usiku wa kitanda.

Bei hizo zinatoka wapi? Mwaka 2006 Reinhardt aliandika makala nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote alizoandika, ingawa haikupata sifa ya ile ya kwanza. Ndani yake alifungua orodha za bei za hospitali za Marekani, vitabu vyenye maelfu ya mistari ambavyo hospitali ilivitunza kwa siri. Picha ya eksirei ya kifua, kitu kinachopigwa kila saa, ilikuwa imeandikwa dola 120 katika hospitali moja ya California na zaidi ya dola 1,500 katika nyingine ya jimbo hilohilo. Na bei hiyo ya kitabuni ilikuwa haimhusu karibu yeyote. Kampuni kubwa ya bima ilikuwa na punguzo lake, ndogo na lake, serikali inalipa kiwango ilichojipangia. Aliyelipa bei kamili ni yule asiye na bima, yaani maskini. Reinhardt aliwafananisha wagonjwa wa Marekani na watu walioingizwa duka kubwa wakiwa wamefungwa kitambaa machoni, wakaambiwa wachague vizuri, kisha miezi kadhaa baadaye wakatumiwa bili nyumbani. Wanasiasa waliokuwa wakihubiri kwamba mgonjwa awe mnunuzi mwerevu na soko litajirekebisha, hawakuwa na jibu la maana.

Mapambano ya bei tumeyaona huku pia, ingawa hatukuyaita hivyo. Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, zikidai viwango vipya havifidii gharama. Watu walibaki wameshika kadi mlangoni. Mjadala wa redioni ulikuwa nani mkaidi, mfuko au hospitali. Lililopaswa kuulizwa ni lile la Maryland: bei halali ya kipimo hiki ni ngapi, nani aliikokotoa, na kwa nini anayelipa taslimu dirishani anatozwa tofauti na mwenye kadi? Kenya nayo ilipoanza Oktoba 2024 kukata asilimia 2.75 ya kipato kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii, kelele zote zilikuwa kwenye mkato. Ni haki ya mkatwaji kupiga kelele. Ila mkato ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni fedha hiyo inanunua nini, kwa bei gani, na hiyo inajadiliwa na watu wachache ofisini.

Narudi Princeton, mwaka 1997. Novemba ya mwaka huo Reinhardt aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani swali ambalo alilirudia mpaka kufa kwake. Kwa maneno yangu ni hili: je, mtoto wa mzazi maskini apate nafasi ileile ya kukingwa na ugonjwa unaozuilika, na kutibiwa unaotibika, kama mtoto wa tajiri? Kanada wamejibu ndiyo, alisema. Ujerumani ndiyo. Marekani haijawahi kujibu, na kwa kuwa haijajibu, kila mageuzi yake yanageuka ubishi wa mafundi, watu wakitupiana majedwali huku wanachobishania hasa hakitajwi. Alitaka wanasiasa wenye jibu la hapana walitamke hadharani. Wengi hawakulitamka, na ukimya huo ulimchekesha na kumuudhi kwa pamoja.

Ni swali la mtu wa maadili, lakini njia zake za kulijibu zilikuwa za mhasibu. Chukua pendekezo lake la mwisho mwisho kuhusu lazima ya bima. Kila anayeendesha bima anajua ugonjwa wake mkuu: ukiiacha iwe ya hiari, mzima anasubiri, anayeumwa anakimbilia, mfuko unakauka. Tanzania tulilipata somo hilo kupitia Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa Sh50,400 kwa mwaka. Ilikuwa huruma kubwa, na wazazi wa watoto wenye maradhi ya moyo, selimundu na saratani wanajua iliwaokoa wangapi. Lakini wazazi wa watoto wazima hawakuwa na haraka, malipo yakazidi michango kwa mbali, na mwaka 2023 utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Dawa inayojulikana ni kumlazimisha kila mtu aingie. Mmarekani anayejiona mtu huru huchukia kulazimishwa, na sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilipita kwenye moto kwa sababu hiyo.

Reinhardt akawaambia: vizuri, msilazimishwe. Kila kijana akifika miaka 26, umri ambao sheria ile inamtoa kwenye bima ya wazazi wake, achague mara moja. Akiingia kwenye mfuko wa pamoja, atachangia leo akiwa mzima na atabebwa kesho akiugua. Akikataa, abaki nje kwa maisha yake yote, na siku akipata saratani asije akagonga mlango akidai bei ile ya wenzake. Pendekezo hilo lina ukatili ndani yake na yeye aliujua; alilitoa nusu kwa dhati na nusu kwa kuwaumbua, kwa sababu alijua hakuna hospitali itakayomfukuza mtu anayekata roho getini, na wanaojisifu kwa kujitegemea wanajua hivyo pia. Nimelisoma mara kadhaa na bado sijaamua kama ningelipigia kura.

Alifanya kazi nyingine nyingi ambazo hapa nazipita haraka. Aliongoza tume ya jimbo la New Jersey iliyoundwa kushauri hospitali zipi zinazofilisika ziokolewe na zipi ziachwe zifungwe, kazi isiyompa mtu marafiki. Alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha wachumi wa afya. Aliandika katika New York Times kwa miaka kadhaa, akifafanua kwa msomaji wa kawaida mambo ambayo wenzake waliyaficha ndani ya milinganyo. Wanafunzi wake walitawanyika pande zote za siasa: Bill Frist, daktari wa kupandikiza moyo aliyekuja kuwa kiongozi wa Republican kwenye Seneti, alipita darasani kwake. Kitabu chake cha mwisho, Priced Out, kilitolewa mwaka 2019 baada ya yeye kufariki, na dibaji zake mbili ziliandikwa na Frist na Paul Krugman, watu ambao ni vigumu kuwakuta wakikubaliana juu ya jambo jingine lolote.

Kitabu hicho hakina matumaini mengi. Reinhardt aliwaonyesha wasomaji kwamba gharama za afya za familia ya watu wanne yenye bima ya mwajiri, ukijumlisha anachokatwa mfanyakazi, anacholipa mwajiri na kinachotoka mfukoni, zilipita dola 26,000 mwaka 2017. Alieleza kitu ambacho wafanyakazi wengi hawakijui: sehemu ya mwajiri nayo ni mshahara wao. Mwajiri hapati fedha hizo mbinguni. Anachokilipa kwenye bima hakiongezi kwenye hundi ya mwisho wa mwezi, na ndiyo moja ya sababu mishahara ya Wamarekani wa kati ilisimama mahali pamoja kwa miaka mingi wakati uchumi ukikua.

Mwaka huohuo wa 2019 wenzake watatu wa ile makala ya 2003 waliirudia hesabu, wakaweka heshima kwa jina lake. Marekani ilikuwa imefika dola 9,892 kwa kila mtu mwaka 2016, ikiipita Uswisi iliyoifuatia kwa robo nzima na kuiacha Kanada kwa zaidi ya mara mbili. Sababu ilikuwa ileile, bei, na kwenye kichwa cha makala waliongeza neno moja tu la kusema kwamba bado.

Hatua chache zimechukuliwa tangu hapo. Kuanzia Januari Mosi, 2021, kila hospitali ya Marekani inatakiwa kuweka wazi bei inazopatana na kila kampuni ya bima, zile zilizokuwa siri. Nyingi zilichelewa kutii, na zilizotii ziliweka mafaili makubwa ambayo mgonjwa wa kawaida hawezi kuyafungua wala kuyasoma. Watafiti wanaoweza kuyafungua wanakuta kipimo kimoja, hospitali moja, siku moja, kina bei nyingi kulingana na kadi uliyoshika. Mwaka 2022 Bunge liliipa Medicare ruhusa, kwa mara ya kwanza, ya kupatana bei ya dawa na watengenezaji. Awamu ya kwanza ilihusu dawa 10, na bei zilizopatikana zilipangwa kuanza Januari 2026. Watengenezaji walikimbilia mahakamani kabla wino haujakauka, wakidai kupatana bei na mnunuzi ni uonevu.